Seestar S50 juu ya dari la Kikwajuni, Unguja: uzoefu wangu

Nianze na linalowashangaza wengi: darubini hii haina pa kuchungulia. Unaiweka, unaiwasha, unashika simu, na kila kitu unakiona kwenye kioo cha simu. Mama mdogo alipopanda juu ya dari usiku wa mwanzo aliizunguka, akainama, akanyanyuka. "Sasa mwanangu, jicho naliweka wapi?" Nikampa simu. "Aa, kumbe kamera." Ni kamera kweli, na anayetaka kununua alijue hilo kabla hajatoa pesa.

Inatengenezwa na ZWO ya China na iliingia sokoni 2023. Lenzi ni ya milimita 50, uzito kilo 2.5, mtoto wa skuli anaipandisha ngazi bila taabu. Bei ya huko kwao inazunguka dola 500, halafu uongeze usafiri na ushuru. Wakala aliyeniletea mzigo alinipa ahadi moja baada ya nyengine mpaka mlinzi wa ofisi yake akanijua kwa jina. Mtafuteni wakala mzuri, sina zaidi.

Kazi yake ni hivi. Ukiiwasha inapiga picha ya kipande cha mbingu, inalinganisha nyota ilizozinasa na ramani iliyomo ndani yake, basi imeshajua inaangalia wapi. Unachagua kitu kwenye programu, inageuka yenyewe mpaka kilipo. Kisha inapiga picha za sekunde kumi kumi, moja baada ya moja, na kuzipanga juu ya nyenziwe. Kwa macho matupu, huku kwetu taa za barabarani na za maduka zimeshamaliza nyota; zilizobaki ni zile kubwa kubwa tu. Lakini picha zikirundikana, mwanga hafifu wa kitu cha mbali unajijenga kidogo kidogo, na weupe wa taa za mji programu inaupunguza. Ndani mna na kichujio kinachopitisha zaidi rangi za mwanga wa haidrojeni na oksijeni, ambazo ndizo nebula nyingi (mawingu ya gesi ya huko mbali angani) zinazong'aa kwazo. Kwa galaksi kichujio hicho hakisaidii, kwa sababu mwanga wa galaksi ni wa nyota, umechanganyika rangi zote kama zilivyo taa zetu. Kwa hiyo mjini nebula zinatoka vizuri, galaksi nyingi zinabaki vivuli.

Jirani yetu mmoja, mvuvi wa zamani anayejua Kilimia kinatoka lini na kinazama lini, aliona Nebula ya Jabari (Orion) inajitokeza kwenye simu, ya rangi ya waridi na mabawa yake, akakataa kata kata. "Hiyo umeitoa kwenye intaneti." Nikaweka kiganja mbele ya lenzi. Hesabu ya picha, iliyokuwa ikipanda taratibu pembeni mwa kioo, ikasimama. Nikaondoa mkono, ikaendelea. Akaniomba simu, akaweka kiganja chake yeye, akangoja. Baadaye akauliza swali zuri kuliko la mtu yeyote: mbona yeye baharini hajawahi kuona rangi hiyo? Jibu ni kwamba jicho la mtu usiku halishiki rangi kwenye mwanga mdogo kiasi hicho. Hata kwenye darubini ya kuchungulia, nebula hiyo wengi huiona ya kijivu.

Sasa jambo ambalo mapitio ya Wazungu hayatakwambia, kwa sababu wao hawaishi nyuzi 6 kusini ya ikweta. Darubini hii hugeuka kulia na kushoto, juu na chini, basi. Kitu kikiwa utosini inapata tabu kukifuata, maana inatakiwa izunguke ghafla. Na Jabari, kwetu, anapita utosini khasa! Katikati ya Januari Nebula ya Jabari inafika juu kabisa kama saa 4 usiku. Usiingoje. Ianze saa 1 na nusu au saa 2, ikiwa bado mashariki. Hapo tuna bahati ambayo London hawana: kwetu nyota za upande huo hupanda karibu wima, kwa hiyo picha haipindi hata ukiiacha ikusanye muda mrefu.

Upande wa kusini mambo ni kinyume. Omega Centauri, fungu la nyota kama milioni 10 lililo umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi, ambalo Ulaya ya kaskazini halichomozi kabisa, hapa mwezi wa Juni linakuwa juu nusu ya mbingu mara tu baada ya magharibi. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyopiga. Lakini picha inazunguka upesi na pembe zake zinaharibika, basi nachukua dakika chache tu, nakata kingo. Ipo namna mpya kwenye programu ya kuiinamisha darubini ifuate mhimili wa dunia ili tatizo hilo liishe. Mtu wa London anaiinamisha kiasi. Sisi ncha ya kusini ya mbingu iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, kwa hiyo mashine inabidi ilale ubavu karibu kabisa, na kile kitripodi kifupi kilichokuja nayo hakikutengenezwa kwa sarakasi hiyo.

Sayari? Usiinunue kwa ajili ya sayari. Mshtarii ni duara dogo jeupe na miezi yake minne mikubwa imejipanga, Zohali ni punje ya mtama yenye masikio. Mwezi lakini ni raha, na jua pia, kwa kichujio kinachokuja ndani ya boksi. Madoa yake unayaona mchana kweupe. Bila ya kichujio hicho usiielekeze kwenye jua hata kwa mzaha.

Wengi wananiuliza kama itasaidia mwandamo wa Ramadhani. Mambo ya mwandamo nimewaachia wenyewe. Ila kwa upande wa mashine tu: magharibi nyota hazijatoka, na bila ya nyota haina cha kulinganisha na ramani yake.

Betri inakaa kama saa 6. Umande inauweza, ina kipasha joto mbele ya lenzi. Upepo wa kusi ndio unaosumbua, kwa hiyo naiweka nyuma ya tangi la maji. Chumvi ya baharini naifuta kila nikishuka.

Anayetaka kuchungulia kwa jicho lake, na sayari khasa, pesa hizo hizo azitafutie darubini ya kioo cha kuakisi, upana wake milimita 150, ila ajue ni mzigo na ngazi zetu anazijua. Na ambaye pesa inambana, kuna S30, mdogo wake huyu, lenzi milimita 30, kilo 1.65. Inashika eneo pana zaidi la mbingu, na kwa Nebula ya Carina, ambayo ni kubwa mno kwa S50 mpaka uiunge vipande, huenda ikakufaa zaidi kuliko yangu. Ukiipata kabla ya masika, Machi saa 5 kasorobo usiku, tafuta dari lililo wazi upande wa kusini, ndiko iliko Carina.