Kliniki ya sikoseli Mwanza: nesi wa ushauri yuko vizuri, mapokezi wajirekebishe

Nimeenda na mchumba wangu kupima sikoseli kabla ya ndoa, maana huku Kanda ya Ziwa haya mambo tunayo sana na watu bado wanaoana bila kupima. Nawapa nyota nne, na karibu zote ni za nesi wa ushauri nasaha.

Mdogo wangu ana SS, yaani ni mgonjwa, amerithi S ya sikoseli kwa baba na kwa mama, kwa hiyo wazazi wetu wote wawili ni AS, yaani wamebeba S moja na A moja ya kawaida bila kuumwa. Mtaani utaambiwa ndugu mzima ana nusu kwa nusu ya kuwa AS. Yule nesi akatoa vizibo vya soda, vyekundu ndo S vyeupe ndo A, akavipanga mezani viwili viwili: A na A, A na S, S na A, S na S. Akaondoa S na S akaniambia wewe umekua mzima, hapa haupo, hebu hesabu zilizobaki. Zimebaki jozi tatu na mbili zina S, yaani kabla hata sijatoa damu nafasi yangu ni mbili kwa tatu, karibu asilimia 67!

Kwa mwenzangu hakuna mgonjwa anayejulikana, akamuwekea asilimia 15 maana Tanzania wenye AS wanakadiriwa 13 hadi 20 katika kila watu 100, ukizidisha zote na robo (wazazi wote wakiwa AS, jozi moja kati ya zile nne ni S na S) unapata asilimia 2 na nusu ya kuzaa mtoto SS kwa kila mimba. Ila tukikutwa wote AS ni robo, na alikazia sana hapa, robo kwa KILA mimba, sio kwamba ukishazaa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wamepona.

Wanapima kwa elektroforesisi, kipimo cha damu kinachotenganisha A na S, maana ile ya kuangalia tu kama seli zinajikunja haitenganishi AS na SS. Mimi nimetoka AS, yeye AA, hatutazaa SS, ila kila mtoto ana nusu ya kuwa AS kama mimi.

Sasa mapokezi jamani. Kijana anatangaza mbele za watu "huyu ana sikoseli", AS sio mgonjwa!! Na karatasi ya majibu imeandikwa herufi tu bila maelezo, mtu anaweza kuondoka nayo akavunja uchumba bure.

Nendeni wote wawili, mapema kabla ya mahari, na msitoke pale bila kuonana na yule nesi.