Taasisi ya utafiti wa tiba ya chuo kikuu, Kisumu: huduma nimeridhika nayo, uongozi bado nina neno

Kwa takriban miaka miwili nimekuwa nikimsindikiza mama yangu, mkazi wa Nyalenda anayeishi na kisukari, hadi kliniki ya taasisi ya utafiti wa tiba inayoendeshwa na chuo kikuu kimoja hapa Kisumu. Jina la taasisi sitalitaja, kwa kuwa lililotupata huko lilitatuliwa, na kwa kuwa ninalotaka kulipima hapa ni namna taasisi ya aina hii inavyoongozwa, jambo ambalo mgonjwa halioni akiwa kwenye benchi akisubiri kudungwa kidole.

Huduma ya kila ziara ni nzuri. Muuguzi alimsomea mama fomu ya ridhaa, ya kukubali kushiriki katika utafiti, kwa Dholuo, ukurasa baada ya ukurasa, akimngoja aulize. Alipofika mwisho alizungushia kwa kalamu nambari mbili za simu, moja ya mtafiti mkuu na nyingine ya kamati ya maadili ya utafiti, akamwambia: "Mama, hawa wa pili hawafanyi kazi chini yetu." Nauli hurudishwa siku hiyohiyo kwa kutia sahihi daftarini. Jumatatu foleni ni ndefu. Ukienda Jumatano utatoka kabla ya saa sita.

Mwaka jana majibu ya kipimo cha figo yalikaa zaidi ya miezi minne bila kurudi. Tuliuliza mapokezi mara tatu, na mara zote tatu tukaambiwa tusubiri. Ndipo nilipopiga ile nambari ya pili. Karani aliniuliza nambari ya utafiti iliyo juu ya fomu, akaandika malalamiko yangu, kisha akanisomea alichokiandika ili nithibitishe. Siku ya tisa daktari mwenyewe alimpigia mama simu na kumweleza kwamba sampuli iliharibika ikiwa njiani kupelekwa maabara na kwamba tulistahili kuambiwa mapema. Kipimo kilirudiwa, na barua ya kuomba radhi tunayo nyumbani.

Kilichoifanya simu moja kufaulu pale safari tatu ziliposhindwa ni muundo wa uongozi. Mkurugenzi wa taasisi huteuliwa na Makamu wa Chansela na husimamia watafiti, maabara na fedha, lakini kamati ya maadili hutambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, na mkurugenzi hana uwezo wa kutengua uamuzi wake. Kwa majaribio makubwa ya dawa huongezwa bodi huru ya kufuatilia data na usalama wa washiriki, ambayo huyaona matokeo ya katikati kabla ya watafiti wenyewe kuyaona.

Sisi wa pande hizi tumewahi kuuona uzito wa bodi kama hiyo. Mwezi Desemba 2006 jaribio la tohara ya wanaume lililofanyika hapa Kisumu, likiwa na washiriki 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, lilisimamishwa mapema kwa ushauri wa bodi ya aina hiyo, kwa sababu ilikuwa imedhihirika kwamba tohara inapunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa takriban nusu, na haikuwa haki tena kuwaacha wengine wakingoja. Mwaka 2011 jaribio la vidonge vya kuwakinga wanawake dhidi ya virusi hivyo, ambalo Bondo ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, lilikatizwa kwa sababu iliyo kinyume: ilionekana kwamba hata likiendelea halingeweza kuonyesha kuwa vidonge hivyo viliwakinga washiriki wake. Safari zote mbili, waliotoa ushauri wa kusimama walikuwa watu wasio na utafiti wa kuulinda.

Mfano ambao taasisi nyingi za namna hii huufuata ni wa Marekani, ambako Taasisi za Taifa za Afya zilianza mwaka 2006 kuvipa vyuo vikuu ruzuku za kujenga vituo vya kusafirisha ugunduzi kutoka maabara hadi kitandani kwa mgonjwa, na kutoka hapo hadi kijijini. Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret kwa zaidi ya miaka 30, kina kituo kama hicho pamoja na vyuo vikuu vya Purdue na Notre Dame tangu 2008. Kwa kawaida vituo hivyo huwa na mkurugenzi, kamati tendaji, washauri wa kutoka nje ya chuo na bodi ya ushauri ya jamii. Hiyo ya mwisho, ya taasisi yetu ya hapa Kisumu, ndiyo niliyokwenda kuitazama.

Kikao cha wazi kilifanyika katika ukumbi wa kanisa, Kondele. Hadidu za rejea zilikuwa zimebandikwa ukutani, na zinasema kila mjumbe hukaa miaka mitatu. Mama mmoja anayeuza samaki Dunga alisimama akauliza: "Damu yetu ikishavuka bahari, nani wa huku anaweza kuiita irudi?" Mkurugenzi alijibu kwamba sampuli husafiri kwa mkataba unaotiwa sahihi na chuo, akaahidi kuuleta, na katika kikao kilichofuata aliuleta kweli, ukiwa na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Mama yule aliusoma wote kabla ya kukaa. Jibu la namna ile halitolewi na taasisi inayowadharau watu wake.

Hata hivyo, wajumbe hao wa jamii hupewa ajenda asubuhi ya mkutano wenyewe, kumbukumbu za vikao huandikwa kwa Kiingereza pekee, na katika mgao wa fedha hawana kura. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kamati inayogawa ruzuku ndogo za ndani huongozwa na mkurugenzi, ilhali miradi yake mwenyewe imo miongoni mwa inayoomba. Simtuhumu kwa lolote, lakini kutangaza maslahi kisha kubaki kitini hakutoshi. Angetoka chumbani na kumwachia mwingine uenyekiti kila ombi lake linapojadiliwa.

Neno hilo nimeliweka katika barua kwa bodi ya jamii, nami nina nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Hadidu za rejea zinawapa siku 30 za kujibu, na jibu likija nitaliongeza hapa. Kwa anayekwenda kujiandikisha wiki hii: omba nakala yako ya fomu ya ridhaa kabla ya kutoka mlangoni, na uhakikishe ile nambari ya pili inasomeka.