Mama lishe watano au wasafiri mia?

Mwaka 2008 Kevin Kelly wa Marekani aliandika kwamba msanii mwenye mashabiki wa kweli 1,000, wale wanaonunua kila anachotoa, anaweza kuishi kwa kazi yake. Miaka miwili baadaye Byron Sharp, profesa wa Australia, akaja na hoja inayovuta upande mwingine: biashara hukua kwa kuwafikia watu wengi, hata wanaonunua mara mojamoja.

Mimi nauza mchele wa Kyela pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, basi hoja zao nazipima kwa sado. Mama lishe wangu watano huchukua kila wiki. Najua nani anataka mchele mpya, nani anataka wa zamani usioshikana. Nikiongeza konzi moja juu ya kipimo, hawaulizi bei kwa jirani. Ila kukopa sasa! Na mmoja akifunga banda, nami nayumba.

Msafiri wa Dar hakopi. Aone neno Kyela kwa mbali, anuse, alipe, aondoke. Kwake bango safi na gunia lililofunguliwa mdomo vinatosha.

Kwa mtaji mdogo, naanza na mama lishe. Bango nitalipaka wakati wa mavuno, stoo ikishajaa.