Nimenyamazisha asilimia za GDB

"Mdogo wangu, umenitumia kosa ao umenitumia ngazi?" Ndivyo alivyonijibu yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu) wa Lubumbashi, yule ninayemkimbilia msimbo wa programu ukinishinda.

Programu yangu ya C inayosoma mizani ya kahawa ilikuwa imeanguka. Nikaifungua kwa GDB, kifaa cha kutafuta makosa ndani ya programu, nikarekodi kila kitu kwa amri ya `script`, nikamtumia faili zima. Hapa Bukavu, kwenye skrini yangu, kulikuwa na mstari mmoja tu wenye asilimia za upakuaji zinazopanda. Kumbe GDB haifuti mstari ule: inarudi mwanzo wake na kuandika juu ya yaliyopo. Ndani ya faili hakuna "juu". Kila hatua ya upakuaji ilibaki, ^M (alama ya kurudi mwanzo wa mstari) baada ya ^M, na mahali programu ilipoangukia pamezikwa chini kabisa.

Asilimia zinatoka kwa debuginfod, huduma ya kupakua taarifa za kutafutia makosa. Tangu toleo la 10, GDB inaweza kuitumia kuvuta kwenye seva taarifa za maktaba kama libc, ile ya msingi ya lugha ya C. Iliponiuliza kama niiwashe, nilibonyeza y bila kusoma. Hilo ni langu.

Kwanza niliandika hivi kwenye `~/.gdbinit`, faili la mipangilio ambalo GDB inalisoma ikianza:

`set debuginfod verbose 0`

Ikanyamaza kweli, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu GDB ikaganda, hata herufi moja haitoki. Nikangoja, nikakasirika, nikabonyeza Ctrl-C. Kumbe ilikuwa inapakua kimyakimya, na mega za intaneti nilizonunua asubuhi zinayeyuka. Nilikuwa nimeziba mdomo wa mtu anayenihesabia pesa zangu!

Basi nikabadilisha mstari (huu unataka toleo la 12 au jipya zaidi):

`set debuginfod enabled off`

Sasa haipakui wala haipigi kelele. Nikihitaji taarifa za libc, naweka `on` kwa mkono usiku, intaneti ikiwa nyepesi. Zikishafika zinakaa kwenye `~/.cache/debuginfod_client`, ila kwa kawaida zisipoguswa wiki nzima zinafutwa, na mimi hulipia tena.

GDB naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu `verbose 0` ilinifichia upakuaji bila kuuzuia.

Faili la pili nililomtumia yaya lilikuwa na mistari 31. Alijibu kabla chai yangu haijapoa: "Pointa tupu, haielekezi popote, mstari wa tisa. Libc haihusiki."