Gari la familia la mkononi: Wish kwanza, Sienta ya pili, Noah ya tatu

Mwongozo huu ni wa familia ya watu watano hadi saba inayoishi mjini Tanzania na yenye pesa ya gari moja tu. Gari hilohilo ndilo litakalopeleka watoto shule asubuhi, litakalokwenda sokoni Jumamosi, na litakalopanda Moshi au Mbeya mwezi Desemba. Nimeyapanga magari kwa swali moja linalotangulia mengine yote: mwaka wa pili baada ya kulinunua, bado utaweza kulihudumia? Bei ya kununua unalipa mara moja. Spea, oili na fundi utalipa miaka yote, na hapo ndipo familia nyingi zinapoumia.

Kwanza, ondoa macho kwenye namba. Tumezoea kuuziana magari kwa herufi, "namba C", "namba D", "namba E", na dalali huipandisha bei kwa herufi hiyo kabla hata hujafungua boneti. Herufi inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania, basi. Wish ya 2004 iliyoingia nchini juzi itakuwa na namba E, na bado ni gari la 2004. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, usome hapo. Nakubali namba mpya ina faida moja ya kweli: gari limetembea muda mfupi kwenye barabara zetu na halijapita kwa mafundi wengi. Lakini namba C yenye mmiliki mmoja anayeweza kukuonyesha risiti za sevisi, mimi ningeichukua kabla ya namba E ambayo haina historia yoyote.

Kuagiza mwenyewe Japani au kununua hapa? Fanya hesabu ya kodi kwanza, tena kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, usitegemee ya mdomoni. Kuna ushuru wa forodha 25%. Kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: 5% kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi 2,000, na 10% ikizidi 2,000. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15% ya uchakavu, na likizidi miaka 10 linaongezewa 30%. VAT ya 18% inakuja juu ya hayo yote, na zipo tozo nyingine ndogondogo. Kenya wamezuia kabisa kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tunayaruhusu na kuyatoza. Ndiyo maana gari la zamani linaloonekana la bei ya kutupa kwenye tovuti za Japani hupanda mno likishatoka bandarini. Kwa magari ninayoyataja hapa, ambayo mengi yamezidi miaka 10, kununua lililokwisha kulipiwa kila kitu mara nyingi kunakuacha na akiba ya matengenezo. Na akiba hiyo ni lazima. Ukiwa na milioni 15, tafuta gari la milioni 13.

Chaguo langu la kwanza ni Toyota Wish ya kizazi cha kwanza, 2003 hadi 2009, yenye injini ya lita 1.8 (yaani cc 1,800 hivi), ile iitwayo 1ZZ. Ina siti saba na iko chini kiasi cha kumwezesha bibi kuingia bila kusaidiwa. Injini inatumia cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Kubwa zaidi, 1.8 ya kizazi hicho ina gia ya otomatiki ya kawaida ya hatua nne, na hiyo ni gia ambayo fundi wa mtaani anaifahamu. Wish ya 2.0 ina injini ya D4 na gia ya CVT, ile otomatiki isiyo na hatua, nayo usiichukue kwa sababu tu imeandikwa namba kubwa zaidi. D4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, inashikwa na masizi, na pampu yake ikifa utalia.

Udhaifu wa Wish 1.8 ni kula oili inapozeeka. Vuta kijiti cha oili kabla ya kujaribu gari, na ukilinunua, kiangalie kila wiki mbili. Siti za nyuma kabisa ni za watoto. Na siti zote saba zikikaliwa, buti haipo. Kwa familia inayosafiri Desemba na mabegi, kuku na gunia la mchele, hilo si jambo dogo: ama mnafunga mizigo juu, ama watu wawili wanapanda basi.

Sienta ya kizazi cha kwanza, iliyoanza 2003, naiweka ya pili, na kwa mzazi mwenye watoto wa chekechea ingeweza kuwa ya kwanza. Sababu ni milango. Inateleza pande zote mbili, kwa hiyo mtoto hawezi kuufungua ghafla ukagonga bodaboda au gari la jirani. Injini ni 1NZ ya 1.5, ndugu wa ile iliyomo kwenye Probox na Raum, na spea zake ziko Gerezani na Ilala jijini Dar, na karibu kila mji wa mkoa. Mafuta inabana vizuri. Siti za nyuma zinajikunja na kuingia chini ya siti za kati, ukabaki na buti ya kutosha.

Kinachoishusha ni CVT. Gia hii haina kosa ikihudumiwa, ila inataka oili yake maalumu, na zipo CVT nyingi zilizokufa kwa sababu mtu alimimina ATF, oili ya gia za otomatiki za kawaida. Muulize muuzaji oili ya gia ilibadilishwa lini na ni ya aina gani. Akijibu "hii haibadilishwagi", tafuta Sienta nyingine. Pia iko chini. Kama njia ya kwenu ina mashimo ya mvua ya masika, bampa ya mbele itakukumbusha kila siku.

Noah ni ya tatu, na ni ya familia kubwa kweli. Ninayoipendekeza ni ya kuanzia 2007 hadi 2014, yenye injini ya 3ZR. Ile ya 2001 hadi 2007 ina D4, na niliyoyasema kuhusu D4 yanaihusu. Noah nyingi zina siti nane, mtu mzima anakaa nyuma bila magoti kugusa kidevu, na mabegi yanapata nafasi. Inakunywa zaidi ya Wish, na kwenye foleni ya Morogoro Road utaihisi. Ukiwa na familia ya watu watano, huihitaji.

Hatari ya Noah iko kwenye historia yake. Nyingi zimefanya kazi ya abiria mikoani, zikibeba watu kupita kiasi siku nzima, kisha zikapigwa rangi na kufunikwa siti vizuri. Kagua reli za milango ya kuteleza na vitambaa chini ya makava. Tazama pia kanyagio la breki: mpira uliolika hadi chuma kwenye gari linalodai kilomita 80,000 ni ushahidi kwamba kilomita zimerudishwa.

Familia ya watu wanne yenye bajeti ndogo iende kwenye Raum au IST ya kwanza, bila kuona haya. Kati ya hizo mbili naichagua Raum: milango ya nyuma inateleza, sakafu ni tambarare, na bei yake mara nyingi iko chini kwa sababu vijana hawaipendi. IST inauzika haraka, na wezi wa vifaa wanalijua hilo pia.

Kwa wanaoishi kwenye barabara mbaya, kuna X-Trail, Forester, RAV4 na Vanguard. Ni magari mazuri kwa mwenye sababu. Forester za zamani zenye injini ya EJ20 zinatumia mkanda wa taimingi, na ukikatika unaharibu valvu. Kama hakuna uthibitisho wa lini ulibadilishwa, weka gharama hiyo kwenye bei unayopatana. X-Trail ya kuanzia 2007 kwa kawaida ina CVT. Vanguard hupatikana yenye siti saba na imenyanyuka, ila injini yake ya 2.4 inaitia kwenye ushuru wa 10% ukiagiza, na mafuta yake ni ya kuyapangia bajeti. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Piga hesabu kwa bei hiyo na safari zako halisi za wiki, sio kwa unavyotamani kuonekana.

Magari ya Ulaya yanayouzwa kwa bei ya Wish siyapangi kabisa. Bei imeshuka kwa sababu mwenye nalo amechoka kuhudumia.

Ukishapata gari, nenda na fundi wako mwenyewe, si wa dalali. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, mtu amelipasha ili kuficha mlio wa asubuhi au moshi wa buluu. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi. Maji yenye kutu yanakuambia limetembezwa kwa maji ya bomba miaka mingi, na joto la Dar halisamehe hilo. Kisha zungusha ufunguo bila kuwasha: taa ya injini na taa ya eabegi lazima ziwake, halafu zizime gari likishawaka. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana huenda kuna mtu aliyeikata makusudi, na kwenye gari la watoto eabegi si mapambo. Vuta kila mkanda wa siti, hadi za nyuma kabisa. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Halafu liendeshe kwenye mlima, AC ikiwa imewashwa, watu wazima wanne ndani. Gia inayoteleza au kutetemeka itajitaja hapo.

Karatasi zinaanza kabla ya pesa. Linganisha namba ya chesi kwenye gari na kadi halisi, herufi kwa herufi. "Kadi iko benki" maana yake gari linaweza kuwa dhamana ya mkopo. Deni limalizwe na kadi itoke kwanza. "Kadi imepotea" mwache muuzaji atoe taarifa polisi na kupata nyingine kutoka TRA kwa jina lake, wewe ukiwa bado na pesa yako. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, kwa sababu za elfu 30 zikikusanyika ni pesa. Andikishianeni mkataba kwa wakili, mwenye jina kwenye kadi akiwepo mwenyewe na kitambulisho chake, na pesa iende kwenye akaunti yenye jina hilohilo. Kisha badilisha umiliki TRA mara moja. Gari likibaki kwa jina la muuzaji miaka miwili, akasafiri au akafariki, utakuwa unalitafuta jina lako kwa warithi wake.