Uani kwetu juu ya Mabatini, Mwanza: tathmini ya kazi ya mafundi wa bustani baada ya vuli na masika

Fundi kiongozi alipofika kwetu mara ya kwanza, mwishoni mwa Julai mwaka jana, hakuniuliza napenda maua gani. Aliomba ndoo mbili za maji na kopo la majivu. Alipanda juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, akayamimina maji taratibu, kisha akashuka akiyafuata, na kila yalipopita akanyunyiza majivu, mpaka mstari ule mweupe ukafika kwenye kizingiti cha mlango wa jiko. "Mama, mvua ikinyesha haya yote yanaingia ndani, au nakosea?" aliuliza. Hakukosea. Kwa miaka sita tulikuwa tukiyazuia kwa magunia ya mchanga kila masika.

Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Mwanza wenye viwanja vidogo vya mteremkoni, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta mafundi sikupata maelezo ya mtu aliyekwisha kufanyiwa kazi kama hii na kuisubiri ipite katika mvua zote mbili za mwaka. Kikundi chenyewe ni cha watu wanne. Sitawataja kwa jina, maana nina sifa nyingi za kuwapa lakini nina pia malalamiko, na malalamiko hayo tumeyamaliza wenyewe.

Uani kwetu ni mita 9 kwa 7. Upande wa juu kuna ukuta wa jirani, na mbele ya ukuta huo limekaa jabali la matale, yaani graniti, lenye upana wa kama mita nne. Pembe ya chini ya kushoto ina mwembe mkubwa tulioukuta. Sehemu iliyobaki ilikuwa kifusi cha ujenzi, tope wakati wa mvua na vumbi kuanzia Juni hadi Septemba. Tulichohitaji ni cha kawaida: mahali pakavu pa kupikia na kuanikia nguo, mboga za kutosha jioni mbili au tatu kwa wiki, na kivuli ambapo mama mkwe wangu, anayeishi nasi, angeweza kukaa bila kuzungukwa na vumbi.

Kabla yao walikuja mafundi wengine wawili. Wa kwanza alishauri tumwage zege uani kote, tumalize kazi. Nilifanya hesabu ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuifanya: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 30, ambayo hapa kwetu si ya ajabu, ingeshusha karibu lita 1,900 kutoka kwenye zege la mita za mraba 63, na maji hayo yasingekuwa na pa kwenda isipokuwa jikoni kwetu au kwa jirani wa chini, na kutoka kwake hadi Mto Mirongo, yakibeba kila kilichoko njiani kukipeleka ziwani. Wa pili alitaka kulipasua jabali kwa moto, kama wafanyavyo wagonga kokoto wa mji huu: unarundika magogo au matairi juu ya mwamba, unawasha, jiwe linapanuka kwa joto na kumeguka, halafu nyundo inamalizia. Ni ufundi wa kweli na familia nyingi zinaishi kwa huo. Lakini jabali letu liko hatua mbili tu kutoka ukuta wa jirani, na sikuona namna ya kuwasha moto huo bila kuupasua ukuta wake na kuwajaza moshi watoto wake.

Kikundi hiki kilisema jabali libaki. Fundi alieleza kwamba mwamba mtupu haunywi maji, kwa hiyo karibu kila tone linaloangukia juu yake linateremka, na mtu akiliwekea njia chini yake amepata chanzo cha maji bila kulipia. Alieleza pia kwamba jiwe linahifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, hivyo chochote kitakachopandwa mguuni pake lazima kiwe cha kuvumilia ukavu. Kwa maneno hayo mawili nilijua nazungumza na mtu aliyewahi kuitazama Mwanza kwa makini, kwani wengi wetu tumezoea kuyahesabu mawe haya kuwa hasara ya kiwanja.

Kazi ilianza Septemba badala ya Agosti, na ikachukua siku 17 badala ya 10 tulizoandikiana. Ucheleweshaji huo una uzito katika simulizi hii, nami nitaurudia.

Walianza na mfereji. Waliuchimba kufuata mguu wa jabali, kina cha sentimita 40, wakapima mwinuko kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, kifaa cha shilingi elfu chache ambacho hakidanganyi. Mfereji ulijazwa kokoto kubwa chini na ndogo juu, kisha ukapelekwa kwenye migomba mitatu upande wa kulia, na ziada yake kwenye shimo la kunyonyea maji lililochimbwa pembe ya chini, mita tatu na nusu kutoka msingi wa nyumba na mbali na karo la choo. Walipofika mita 1.3 walikuta mwamba. Fundi mwingine angefukia na kunyamaza. Hawa waliniita nikaone, tukakubaliana waupanue mdomo wa shimo kwa kuwa kina kimegoma, nao wakalijaza mawe ambayo nafasi zilizo kati yake ndizo zinazopokea maji. Juu wakaweka kitambaa cha kuchujia na kokoto, ili udongo usiingie kuziba, na yasibaki maji ya wazi. Mwanangu alikuwa ameomba bwawa dogo la samaki mahali hapo hapo. Fundi alimjibu kwa upole kwamba maji yaliyotuama hukuza mbu ndani ya siku kumi hivi, na kwamba bwawa ni kazi ya kila siku, si pambo. Nilimshukuru kwa kunisaidia kusema hapana.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kuta mbili za mawe zilizogeuza mteremko kuwa ngazi mbili za kupandia. Kila ukuta una kimo cha nusu mita tu na umejengwa bila saruji. Nilikaa na kikombe cha chai nikamtazama kijana mmoja wao akipanga mstari wa kwanza. Alichagua mawe makubwa kabisa, akayazika hadi nusu, kisha akalaza kila jiwe la juu likikalia maungio ya mawili ya chini, na ukuta mzima ukiegemea nyuma kidogo kuelekea mlima. Jiwe lililocheza alilitoa, akaligeuza upande wa pili, akalijaribu tena kwa kulikanyaga kwa kisigino; moja aliligeuza mara tano kabla ya kuridhika. Nyuma ya mawe alijaza kokoto, siyo udongo. Sababu ni kwamba kinachoangusha kuta za namna hii si uzito wa udongo mkavu bali maji yanayojikusanya nyuma yake. Ukuta wa saruji usio na matundu ya kutolea maji huvimba na kupasuka, ilhali huu unayaacha yapite. Masika yamekwisha na hakuna jiwe lililosogea.

Kuhusu udongo, mama mkwe alitoa hukumu kabla ya fundi. Aliuchota, akausugua kiganjani, akauacha umwagike, akasema, "Huu ni luseni." Ndilo jina la Kisukuma la udongo wa kichanga uletwao na matale yaliyooza. Maji hayakai humo, na mbolea hushuka nayo. Fundi, ambaye kila asubuhi alimsalimu kwa "Mwangaluka, mayu" kabla hajagusa sururu, alikubaliana naye na kubadilisha mpango wake: aliongeza samadi iliyooza vizuri na mboji ya magugu maji, akachanganya hadi kina cha jembe. Magugu hayo, yanayosumbua ziwa letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huoza upesi kwa kuwa sehemu kubwa mno ya uzito wake ni maji. Nilimtaka anihakikishie kwamba yaliozeshwa kwa joto katika lundo, kwa sababu mbegu zake hudumu miaka mingi, naye akanipeleka nikalione lundo lenyewe likifuka asubuhi. Jambo hilo lilinipa imani kubwa. Pia hakuchukua mchanga wa ufukweni, ingawa kuna wanaouuza kwa bei ya chini. Alisema hajengi bustani kwa kubomoa ufuko.

Mimea sitaieleza sana, kwa kuwa hapo hawakuwa na jipya. Mguuni pa jabali wameweka mishubiri na mikonge midogo, ambayo imestawi bila kumwagiliwa. Ngazi ya chini ina mchicha, sukuma wiki na mchaichai. Ya juu ina matembele yanayofunika udongo na kuzuia mvua isiupige moja kwa moja. Pasheni moja imepanda ukuta wa jirani, kwa ruhusa yake. Tangi la lita 1,000 linapokea maji ya nusu ya paa, na kwa mita za mraba 40 hivi hujaa kwa mvua moja ya milimita 25. Tunayatumia kwa bustani peke yake.

Sasa malalamiko. La kwanza ni pevingi. Mbele ya mlango wa jiko walitandaza mita za mraba 18, na mpango wao ulikuwa sahihi: moramu iliyoshindiliwa, mchanga mwembamba juu yake, kisha tofali, na mwinamo wa sentimita mbili kwa kila mita kutoka kwenye nyumba. Lakini kwa kuwa walianza kwa kuchelewa, siku za mwisho zilikuwa za haraka na mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Kifusi kilichorudishwa pembeni mwa shimo la maji kilishindiliwa mara moja juu, badala ya tabaka kwa tabaka. Niliona, nikauliza, nikaambiwa pametosha. Najuta kwamba sikusisitiza. Wiki ya tatu ya Novemba sehemu hiyo ilizama, ikafanya kidimbwi cha ukubwa wa sinia pale pale tunapopita na sufuria za moto. Nilipiga simu mara nyingi kwa karibu miezi miwili kabla hawajarudi. Waliporudi walifanya kazi ya heshima: waling'oa tofali, wakachimba hadi udongo mgumu, wakajaza na kushindilia kila sentimita kumi, wala hawakudai shilingi. Pamesimama imara tangu hapo. Hata hivyo, mzee wa miaka zaidi ya sabini alikuwa akipita hapo kila siku, na miezi miwili ni mingi mno kumwacha akiruka maji.

La pili ni ukoka. Waliupanda chini ya mwembe, mahali panapopata jua saa mbili tu kwa siku, na ukoka ni jani la jua. Kufikia Januari ulikuwa umepauka na kuacha viraka vya udongo mtupu. Kosa hili linanishangaza kuliko la pevingi, kwa sababu halikutokana na haraka. Mtu aliyeyafuata maji kwa majivu angeweza pia kukaa saa chache akafuata kivuli. Tumeung'oa wenyewe, tukapanda magimbi upande wenye unyevu na kumwaga kokoto mahali pa viti.

La tatu ni mwarobaini waliouweka mita moja na nusu kutoka ukuta wa jirani. Mti huo huwa mkubwa na mizizi yake haiombi ruhusa. Niliuhamisha ukiwa bado na kimo cha goti.

Gharama yote, vifaa na ufundi, ilikuwa shilingi 3,900,000, mbali na tangi nililonunua mwenyewe. Tulilipa kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho niliitoa siku walipofunga vyombo vyao, jambo ambalo sitalirudia. Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, ukiwa na vipimo na orodha ya vifaa, na mchoro kwenye karatasi ya manila ambao bado nimeuhifadhi. Anayetaka kuwatumia mafundi wa aina hii adai mchoro huo kabla ya kutoa senti, nao uonyeshe mahali maji yatakapoingia na yatakapotokea. Fundi asiyeweza kuuchora hana haja ya kujadiliwa bei.

Nikiulizwa kama bei inalingana na kazi, jibu langu ni ndiyo, kwa sababu ya maji na mawe. Katika masika yaliyopita hatukuweka gunia hata moja mlangoni, na jirani wa chini alikuja mwenyewe kuuliza tumefanya nini, kwa kuwa tope lililokuwa likimshukia limepungua. Kwa upande wa mimea ningewapa maelekezo yangu mwenyewe, na nyumba yenye mtu anayejua kupanda haitapungukiwa kitu.

Mama mkwe ameamua kuwa mahali pake ni kwenye kokoto, mgongo wake ukiligeukia jabali. Jioni, jua likishazama, anasema jiwe linampasha kiuno.

Agosti nitawaita tena kwa ajili ya ujia wa pembeni unaotoka uani hadi mtaro wa barabarani. Tumekwisha kukubaliana kwa simu: kifusi kitashindiliwa tabaka kwa tabaka nikiwa nimesimama hapo, na robo ya malipo itasubiri hadi mvua ya kwanza ya vuli ipite juu yake.