Skii kwenye banda la Mwanga, Kigoma: kiingilio ni halali, ila kona ya saa imekatwa

Banda hili la Mwanga linajulikana kwa Simba na Yanga. Jumamosi mchana, kabla mpira wa Uingereza haujaanza, linaonyesha mashindano ya skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, kwa shilingi 500. Wazo ni zuri. Majira ya baridi Italia, Austria na Uswisi ziko nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo mbio inayoanza kwao saa tano na nusu asubuhi huku ni saa saba na nusu mchana, muda ambao viti vingekuwa vitupu. Kinachokosekana ni uelewa kwamba skii si mchezo mmoja.

Mteremko wa kasi ndio unaofaa zaidi kwa banda. Kila mshindani hushuka peke yake, mara moja tu, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye bingwa. Njia ya Wengen, Uswisi, ina kilomita kama 4.5 na huchukua takriban dakika mbili na nusu, na kuna sehemu ambapo mwendo unapita kilomita 150 kwa saa. Tofauti ya wa kwanza na wa pili mara nyingi huwa sehemu za mia za sekunde. Jicho halioni tofauti hiyo, saa ndiyo inayoionyesha. Hapa picha imekuzwa hadi kona yenye saa imekatwa, na mtazamaji anabaki kuangalia mtu akishuka mlima bila kujua kama anaongoza au amepitwa. Dawa ni ya dakika moja: ingia menyu ya runinga, fungua ukubwa wa picha, ondoa ukuzaji, chagua picha nzima. Ukiwa hapo punguza mwanga kidogo. Kwa sasa theluji inawaka mno, na mistari ya rangi ya buluu inayochorwa kuonyesha njia haionekani kabisa.

Mfasiri wa banda ana sauti nzuri na hachoshi, lakini alama za saa anazisoma kinyume. Kijani yenye alama ya kutoa maana yake mshindani yuko mbele ya anayeongoza. Nyekundu yenye alama ya kujumlisha, yuko nyuma.

Supa-G nayo ni mshuko mmoja, ila mageti, yaani nguzo ambazo mshindani lazima apite, yana kona zaidi na hakuna mazoezi ya kushuka kabla ya siku yenyewe, ndiyo maana wengi hutoka nje ya njia. Slalomu kubwa na slalomu ya kawaida zina mishuko miwili siku moja, na mageti hupangwa upya katikati. Hapo ndipo banda linapoharibu kabisa. Mshuko wa pili, wale 30 bora hushuka kwa mpangilio wa kinyume: wa thelathini anatangulia, aliyeongoza anamaliza. Ukianza saa tisa alasiri kwa saa zetu, vinara wanafika juu wakati mpira umeshawekwa, saa tisa na nusu. Watu wamelipia vurugu yote ya mwanzo wakanyimwa mwisho wake. Ile runinga ndogo iliyo karibu na mlango ingetosha kumalizia.

Kwenye kuruka kwa skii, ubishi wa watazamaji unatokana na kutoelezwa hesabu. Aliyeruka mbali zaidi anaweza kushindwa, na si upendeleo. Kwenye kilima kikubwa, anayetua kwenye mstari wa K, yaani umbali wa kipimo uliowekwa kwa kilima hicho, hupata alama 60. Kila mita ya ziada huongeza 1.8, kila mita pungufu huondoa hiyohiyo. Waamuzi watano hutoa hadi 20 kila mmoja, kisha ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa. Anayetua miguu ikiwa sambamba, bila kutanguliza mmoja, hupunguziwa. Halafu kuna upepo: wa mbele humwinua mrukaji, kwa hiyo hukatwa alama; wa nyuma humshusha, akaongezewa. Mfasiri akiyasema haya dakika tano kabla ya kuanza, makelele yatapungua sana.

Mbio ndefu za theluji ni za subira, na kilomita 50 huchukua kama saa mbili. Jenereta ijazwe mafuta kabla, kwa sababu umeme ukikatika kilomita ya 40 hakuna wa kukurudishia mbio. Hizi ndizo alizoshiriki Mkenya Philip Boit kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, 1998, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Picha hiyo ingestahili kuwekwa kabla ya kila mbio ya aina hii.

Biathloni, skii na bunduki, inaeleweka haraka: shabaha tano umbali wa mita 50. Kwenye mbio fupi kila risasi iliyokosa ni mzunguko wa adhabu wa mita 150. Kwenye mbio ya mtu mmoja mmoja, kwa kawaida ni dakika nzima inayoongezwa kwenye muda wake. Skii krosi, ambako wanne huondoka pamoja na wawili wa mwanzo wanasonga mbele, haihitaji mfasiri.

Kwa sasa nendeni siku za mteremko wa kasi, kaeni upande wa kushoto mbali na mlango unaoingiza jua, na mwombeni mwenye banda arekebishe picha kabla mshindani wa kwanza hajaondoka. Siku za slalomu, ulizeni kwanza kama watamaliza mshuko wa pili, ndipo mtoe hiyo 500.